Swali Ambalo Hakuna Aliyemuuliza Matroni

Mtu aliyenifundisha kwamba mgonjwa anaweza kupona mfupa wake sawasawa na bado akafia wodini ni Matroni. Kwa hivyo mtaelewa roho yangu ilivyokuwa mwaka huu, nilipokuwa nikiingia kazini kila asubuhi na kumkuta yeye mwenyewe amelala kwenye kitanda cha dirishani, katika wodi ile ile aliyoitawala, nyonga yake imeshaungwa, daktari ameshasema anaweza kwenda nyumbani, na haendi.

Msifikiri ni pesa. Bima yake ililipa na jambo hilo likaisha mapema. Wala msifikiri hospitali yetu ina roho mbaya. Matroni alikuwa anapendwa pale ndani kupita kiasi, na shida ilianzia hapo hapo, lakini hilo nitalifikia. Kwanza nataka mumjue huyo aliyekuwa amelala.

Alikozaliwa na ukoo wake siwezi kuwapa. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi, yeye akiongoza wodi ya mifupa, mimi nikiwa fundi wa plasta, na sikuwahi kumuuliza. Najua tu kwamba aliwasalimia wagonjwa wa kutoka magharibi "mulembe", na mimi aliniita Mswahili, kwa sababu babu zangu walifika Nakuru kutoka pwani na nyumbani kwetu bado tunajibu "sijambo" pale wenzetu wanaposema "poa". "Wewe Mswahili," alikuwa akisema akiikagua kazi yangu, "plasta yako ni nzuri, lakini mdomo wako ni mrefu." Cheo chake halisi hakikuwa umatroni. Wagonjwa walimpa jina hilo, na hakuna mkubwa yeyote aliyethubutu kuwarekebisha.

Siku ya kwanza ya mgonjwa, wakati mwingine damu haijakauka, Matroni alifika kitandani na swali lake. "Nani atakuja kukuchukua, na utalala wapi?" Haki ya Mungu! Mtu ameanguka na pikipiki huko njia ya Njoro, mguu umeangalia upande wake, mkewe analia, na huyu mama anataka kujua kitanda cha nyumbani kina urefu gani, choo kiko upande gani wa nyumba, na mvua ikinyesha gari linafika mlangoni au linaishia barabarani. Mke mmoja alimjia juu. "Kwani mnamfukuza na hata hajaingia?"

"Ndiyo, mama," Matroni akamjibu. "Namfukuza kuanzia leo, ili siku ikifika asishtuke."

Halafu viatu. Mgonjwa nimemfunga plasta kutoka paja hadi vidoleni, na ndugu zake wanaambiwa kesho waje na viatu vyake. Vyote viwili. Watu walileta uji, wakaleta chapati na ndizi, viatu wakasahau, naye akawarudisha mlangoni. "Uji tunao. Viatu viko wapi?" Vilipoletwa viliwekwa chini ya kitanda, upande ambao mgonjwa angeviona akigeuza kichwa. Mzee mmoja alikataa katakata, akasema kwao viatu chini ya kitanda cha mgonjwa vinaita kifo. Nikadhani leo vita vitazuka. Matroni akafikiri kidogo, akavipangusa viatu vya mzee kwa aproni yake na kuviweka juu ya kabati karibu na Biblia. "Haya," akamwambia, "hapo vinaita nini?" Mzee akacheka hadi mbavu zake, ambazo pia zilikuwa zimevunjika, zikamuuma vibaya.

Aliamini kitanda cha hospitali kina gundi. Hilo lilikuwa neno lake, na alikuwa na dalili zake za kuijua gundi ikianza kushika. Mgonjwa akianza kusema "kwangu" akimaanisha kitanda, hiyo moja. Akianza kujua chai ya leo imepikwa na nani kwa kuionja tu, hiyo nyingine. Lakini dalili iliyomtia hofu ilikuwa mgonjwa kuanza kuwakaribisha wageni wodini. "Ukisikia anamwonyesha mgonjwa mpya maji ya moto yako wapi," alituambia, "jueni ameshahamia. Mtoeni."

Namkumbuka kijana wa kiwanda cha mbao huko Elburgon, aliyeangukiwa na gogo likamvunja mfupa wa paja. Alipona vizuri, akawa anazunguka na magongo akiwachekesha watu wodi nzima, na nyumbani haendi. Kwao kaka mkubwa ndiye humtoa mtu hospitalini, si mama wala mke, ili ijulikane mtu wao ametoka kwa heshima. Na kaka mkubwa alikuwa anangoja mvua ipungue barabara ikauke. Kila Jumamosi anasema Jumamosi ijayo. Mke yuko tayari, mama yuko tayari, gari lipo, na wote wamekaa wanamngoja kaka, kaka anangoja jua, na huko korido kuna majeruhi amelazwa kwenye machela kwa sababu kitanda hakuna.

Matroni akaomba simu ya kijana, akampigia kaka mkubwa, akaweka spika, wodi nzima ikatega masikio.

"Habari yako, baba. Mimi ndiye ninayekaa na mdogo wako."

"Salama, mathe. Anaendeleaje?"

"Anaendelea kuwa mtu wa hapa. Juzi ametuchagulia rangi ya mapazia. Nimekupigia kukuuliza kama tumtafutie mke wa hapa hapa, au huyo wa Elburgon bado mnamhesabu."

Watu walicheka mpaka kitanda cha jirani kikalia. Kesho yake asubuhi lori la mbao liliingia getini, nyuma limetandikwa maranda na godoro, kaka mkubwa amevaa koti la arusini. Matroni alipanda mwenyewe juu ya lile lori, akalala kwenye godoro kwa mgongo, akajirusha kidogo kuona kama linatingisha, akashuka na kusema, "Endesheni polepole." Lori lilipoondoka nilimtafuta nimwambie hongera. Hakuwepo.

Hiyo ndiyo tabia yake niliyochelewa sana kuielewa. Aliyewafukuza watu wote hakuwahi kumuaga hata mmoja. Mgonjwa akivaa nguo zake na kuanza kuulizia Matroni yuko wapi ili amshukuru, Matroni yuko stoo anahesabu mashuka ambayo tayari yalikuwa yamehesabiwa. Mara nyingine nilimfuata huko. "Wanakuita," nikamwambia. "Waambie nimetoka," akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa. Basi nikawa nawaambia ametoka.

Na yeye mwenyewe, aliyehubiri kwenda nyumbani, alikuwa haendi. Zamu ikiisha anavua aproni, anachukua mkoba, anafika mlangoni, anakumbuka dripu ya mtu fulani, anarudi. Angejikokota pale mpaka wauguzi wa zamu inayofuata wamkasirikie. Mumewe alikuwa amefariki zamani, mwanawe mmoja akakulia bwenini hadi akaenda kufanya kazi ng'ambo. Nyumba ilikuwa kimya, nadhani. Hakuwahi kusema, nami kwa mdomo wangu wote mrefu sikuwahi kuuliza.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mkali bila sababu siku za Jumatatu. Aliimba nyimbo za kanisani vibaya, tena kwa sauti. Mfukoni alikuwa na njugu karanga, na ukimwomba anakuhesabia mbili. Mwanamke aliyeweza kumshika mtu mzima wa kilo nyingi huku daktari akiuvuta mguu wake, alikuwa anaogopa paka! Paka wa jikoni akipita korido, Matroni anapanda kwenye kiti na kuita watu. Na kuna siku alikosea. Kuna mwalimu mmoja alimharakisha kutoka, ndugu za mwalimu walimjia Matroni na maneno matamu, wakaapa watamtunza, na baada ya muda mfupi mwalimu akarudi na kidonda kinanuka. Matroni hakusema samahani, neno hilo lilikuwa likimkwama kooni. Lakini kila asubuhi alikuwa akimnyoa yule mwalimu ndevu yeye mwenyewe, taratibu, mpaka alipotoka tena. Tangu hapo maneno matamu hakuyasikiliza. Alitaka aonyeshwe kitanda cha nyumbani.

Ukimwambia "pole" alikunja uso. "Usinipe pole. Niambie nishike wapi."

Alistaafu, akaenda Kabazi, kwenye shamba dogo alilonunua na marehemu mumewe, na sisi tukasema amepumzika. Ng'ombe mmoja, mahindi, viazi, sukuma wiki. Nilimtembelea mara chache, naye akanipa viazi vingi kuliko ninavyoweza kubeba, huku akinilalamikia jirani yake wa upande wa chini, Mama Wambui. Ng'ombe wa Matroni alivunja ua akala mahindi ya Mama Wambui, Mama Wambui akaja kulalamika, Matroni akamwambia ua wake haukuwa imara. Wacha we! Tangu siku hiyo wanawake wawili, wote wajane wa kanisa moja, wakawa wanasalimiana kwa kukohoa tu.

Mwaka huu, msimu wa mvua, aliteleza akitoka zizini akavunjika nyonga. Watu wa kanisa wakamleta Nakuru. Alipofika kwenye mlango wa wodi juu ya machela, wale wauguzi aliowafundisha walilia, wengine wakapiga makofi, sijui makofi ya nini. Kitanda cha dirishani kikatafutwa. Daktari wetu wa mifupa, kijana makini, aliyewahi kufokewa na Matroni alipokuwa mwanafunzi, akamwekea chuma vizuri kabisa. Siku si nyingi baadaye akasimama kwenye raundi, mikono nyuma, akasema kwa adabu zote, "Matroni, kwa upande wetu uko sawa. Utakwenda wakati wewe mwenyewe utakapojisikia."

Sasa oneni balaa lilivyoingia. Hakuna mgonjwa mwingine anayeambiwa hivyo. Wengine huambiwa Alhamisi, basi. Lakini huyu ni Matroni, nani atamwambia toka? Muuguzi mkuu wa sasa alidhani daktari ameshapanga naye. Daktari alidhani wauguzi wameshazungumza naye, wao kwa wao. Mwanawe akapiga simu kutoka ng'ambo, akamwambia, "Mum, kaa hapo hapo, hao wanakujua." Watu wa kanisa walisikia yuko mikononi mwa watoto wake wa kazi, wakatulia. Mimi nilikuwa napita na ndoo yangu ya plasta, nasema, "Shikamoo Matroni," yeye anaitikia, napita. Sote tulimheshimu. Tulimheshimu mpaka kifua chake kikaanza kukoroma.

Maana mtu wa umri wake akivunjika nyonga, hatari haiishi na chuma. Akizidi kulala kifua kinajaa, miguu inasahau kazi yake, ngozi ya kisigino inalainika na kutoka kidonda, halafu siku moja mnakuta ameacha kula. Yeye ndiye aliyetufundisha hayo, tena kwa makelele. Na kisigino chake cha kushoto kilikuwa tayari kimebadilika rangi. Mtu wa mazoezi akija na fremu ya kutembelea, Matroni alitembea hadi mlangoni akarudi, bila ubishi, bila neno. Hilo la kukosa ubishi ndilo lililonitisha zaidi.

Kisha asubuhi moja nikamsikia. Mama mmoja alikuwa ameingizwa kitanda cha pili, mkono umevunjika, anashangaa shangaa. Matroni akageuza kichwa na kumwambia kwa sauti ya chini, ya upole kabisa, "Karibu, mama. Maji ya moto huwa yanaletwa kabla ya chai. Choo ni kule mwisho."

Nilisimama pale na ndoo yangu. Ameshahamia, nikajiambia. Gundi imemshika Matroni.

Nikaweka ndoo chini. Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na siku hiyo zilinisaidia. Nilikwenda hadi kitandani kwake, mbele ya wauguzi, mbele ya yule mama wa mkono, nikasema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, "Matroni! Nani atakuja kukuchukua, na utalala wapi?"

Muuguzi mmoja kijana aliniangalia kama nimemtusi mama yake. Matroni alinitazama, nikajua sasa nitapewa yangu. Badala yake akauliza, "Umesemaje?"

"Nimekuuliza nani atakuja kukuchukua."

Akafunika uso kwa mkono. Mabega yakaanza kumtikisika, na mimi, mjinga, nikadhani anacheka.

"Hakuna aliyeniuliza," akasema. "Nimekaa hapa nikingoja mtu aniulize. Asubuhi nangoja, raundi inapita, hakuna. Wewe Mswahili unajua kuna watu nilikuwa siwaulizi."

Na mara nikawajua. Ilinijia kichwani kama niliyemwagiwa maji. Kulikuwa na wagonjwa wachache, katika miaka ile yote, ambao Matroni alifika kitandani kwao siku ya kwanza, akawatazama, akanyoosha shuka, akainua mto, na akaondoka bila kuuliza lolote. Hatukuzungumza habari hiyo, lakini wote kazini tulijua. Hao hawakuwa wa kurudi nyumbani. Kwao hakuitisha viatu.

"Ukaona na wewe ni hao?" nikamuuliza.

"Ningeona nini? Kila mtu ananisalimia vizuri. Kila mtu ananinyooshea shuka. Daktari ananiambia nitakwenda nikijisikia. Hivyo ndivyo huambiwa mtu aliyekwisha. Nikasema basi, wameona kitu kwenye picha, wananificha."

"Matroni, picha yako ni safi! Chuma kimekaa vizuri kuliko kitanda changu cha nyumbani! Tulikuwa tunakuheshimu tu!"

"Pumbavu," akasema. Halafu tena, kwa raha, "Pumbavu nyote." Nikwambieni ukweli, sijawahi kufurahia tusi kama nilivyofurahia lile. Niliita daktari, naye akaja mbio akidhani kuna hatari. Alipoelezwa alisimama akishika kichwa, kisha akavuta kiti, akaketi karibu naye na kumwonyesha picha ya nyonga yake, chuma, misumari, kila kitu. Matroni akawa anapumua kama mtu aliyeshushiwa gunia. "Alhamisi, Matroni," daktari akamwambia. "Alhamisi unatoka."

"Na nani atanichukua?" Matroni akasema. Sasa lilikuwa swali lake kwake mwenyewe. Ndugu zake wako mbali. Mwanawe hawezi kufika. Nyumba iko kwenye mteremko, choo kiko nje nyuma ya migomba. Nikamwambia hilo aniachie mimi, ingawa sikujua naachiwa nini.

Siku ya mapumziko nikaenda Kabazi. Nilitegemea kukuta nyumba imefungwa na ng'ombe amekufa njaa au ameibwa. Nikakuta ua umerekebishwa, zizi limefagiliwa, na Mama Wambui ameinama kando ya ng'ombe wa Matroni anamnywesha maji, amevaa gambuti, anazungumza na ng'ombe kwa Kikuyu. Aliponiona alinyanyuka na ndoo ya maji.

"Wewe ndio wa hospitali?"

"Ndiyo, mama."

"Na mbona mnamkalia mama wa watu? Kwani nyinyi mnafanya nini huko, mnamchemsha? Hii ng'ombe iko karibu kuzaa na mwenyewe hayuko. Mgongo yangu imeisha!"

Nikamuuliza mbona hakuja kumwona. Akasema alikuja, siku za mwanzo, akaambiwa Matroni amelala, akajua amekataa kumwona kwa sababu ya yale mahindi, akaacha mkate aliokuwa ameufunga kwa kitambaa, akarudi. Masikini, Matroni alikuwa amelala kweli, ametoka tu kuwekewa chuma. Nilipomweleza Mama Wambui, alikaa juu ya ndoo nyingine iliyopinduliwa akasema kwa Kikuyu kitu ambacho sikukielewa, kisha akajifuta uso kwa kanga ya shingoni.

"Anatoka lini?"

"Alhamisi. Ila hana mtu wa kumchukua."

"Hana mtu?" akafoka. "Mimi ni nani, mti?"

Tulifanya kazi siku ile mpaka jua likazama, mimi, yeye, na fundi wa mbao aliyemwita kutoka barabarani. Kitanda tulikiinua kwa vipande vya mbao chini ya miguu, maana mtu wa nyonga hatakiwi kuketi chini sana. Chooni tukaweka kiti imara chenye tundu. Kutoka mlango wa jikoni hadi migomba tukachimbia nguzo na kupigilia mti wa kushikilia, na kwenye mteremko tukamwaga kokoto. Mama Wambui alijaribu njia yote mwenyewe akichechemea kwa makusudi, akanirudisha mara mbili nikaze misumari. Nilirudi Nakuru na matope hadi kwenye shingo, na usiku ule nililala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Alhamisi ilifika, na Matroni akawa amekaa kwenye kiti tangu asubuhi, amevaa nguo zake, viatu mguuni, mkoba magotini. Sikumwambia nani anakuja. Niliogopa angekataa. Mlango ukafunguka, na Mama Wambui akaingia amefunga kichwani kitambaa chake cha Jumapili, thamosi ya uji kwapani, akasimama mbele ya kiti. Wakatazamana. Mimi nikaanza kutafuta pa kujificha.

"Ng'ombe yako imezaa," Mama Wambui akasema.

"Dume au jike?"

"Jike."

Matroni akashika fremu, akajiinua. Alisimama kidogo mpaka miguu ikakubali. "Haya, twende," akasema. Na wakaenda, mmoja akikokota fremu na mwingine akimwambia asikimbie, katikati ya vitanda vyote. Safari hii wauguzi ndio walioingia stoo kulia. Mimi nilibaki korido nikijisikia mwepesi, mwepesi kabisa, hata ndoo ya plasta nikaisahau mpaka ikaganda.

Nilimwona tena juzi, mvua zilipokuwa zimeisha. Nilipanda Kabazi na mkate, machungwa, na pakiti ya glukosi, kama mtu anavyofanya akienda kumtazama mgonjwa. Mlango ulikuwa na kufuli. Nilizunguka nyuma, hakuna mtu. Kwa Mama Wambui pia pamefungwa. Nikaona wamemkimbiza hospitali asubuhi, nikaona tumepishana njiani, nikaona mabaya ambayo siwezi hata kuyaandika. Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni kutafuta simu.

Ndipo nikasikia kelele zikitokea njia ya juu. Wanawake wawili walikuwa wanateremka polepole kutoka sokoni, wanagombana kuhusu bei ya viazi, mmoja ameshika fimbo upande wa kulia na kikapu upande wa kushoto. Aliyeshika fimbo alikuwa Matroni, na alikuwa ndiye anayepiga kelele zaidi.

Aliponiona hakufurahi hata kidogo. Akatazama mkate, akatazama machungwa, akachukua pakiti ya glukosi na kuigeuza geuza mkononi.

"Hii ni ya nini?"

"Nimekuletea, Matroni. Ya kukupa nguvu."

"Hapa nani mgonjwa?" akauliza. Akamgeukia Mama Wambui. "Wewe ni mgonjwa?"

"Mimi? Hapana."

"Basi mpe ndama," akaniambia, akanirudishia pakiti, akafungua kufuli na kuingia ndani kutafuta sufuria ya chai.

Nikaenda zizini. Ndama alikuwa amenenepa, pua yake imelowa. Nilimwaga glukosi kwenye kiganja akailamba yote, ulimi unakwaruza, na mimi nikawa nacheka peke yangu huku machozi yanatoka, kwa sababu mgonjwa niliyemjia hakuwepo. Kutoka jikoni Matroni alipiga kelele kwamba ninamharibia ndama tabia.